Sharubati ya siki: nanasi, mnanaa na chupa ya kioo

Nyumba nyingi huku kwetu siki ina kazi mbili tu, kachumbari na chipsi, basi. Chupa inakaa pembeni ya jiko miezi na miezi, siku ikikumbukwa inatolewa kuondolea harufu ya samaki kwenye kibao cha kukatia alafu inarudi ilikotoka, na ukimwambia mtu kwamba siki inanyweka, tena inanyweka vizuri mno, na nanasi ndani yake na mnanaa na barafu, anakuangalia mara mbili kabla hajakujibu. Mimi nakunywa. Kipindi cha kaskazi hapa Dar, kuanzia Desemba mpaka Machi joto linapokuwa limetukalia kichwani, friji yangu haikosi chupa ya sharubati ya siki, na leo nataka niielezee yote toka mwanzo, maana naamini ni kinywaji kinachotufaa sana sisi watu wa joto na matunda, kuliko hata hao wa nchi za baridi wanaokisifia kila siku mitandaoni.

Kiufupi ni vitu vitatu, matunda, sukari na siki. Matunda na sukari vinakaa pamoja mpaka matunda yatoe maji yake yote, yale maji yanachujwa, yanachanganywa na siki, chupa inafungwa na kukaa siku kadhaa, alafu kinachotoka hapo ni kitu kizito kidogo ambacho unakizimua na maji baridi au maji ya gesi unapotaka kunywa. Majani ya kunukia unaweza kuweka au kuacha ila mimi siachi. Hamna kuchemsha, hamna mashine, hamna rangi ya dukani.

Mtu ataniuliza sasa kwanini siki wakati ndimu zipo. Ndimu nazipenda, siwezi kula samaki bila ndimu, lakini juisi ya ndimu ukishaikamua inaanza kubadilika siku hiyohiyo, kesho yake inaleta uchungu fulani, na ukali wake unakupiga mbele ya ulimi alafu unaondoka. Siki inafanya tofauti. Siki nzuri ina harufu yake, ina mvuke unaopanda puani pamoja na harufu ya tunda, kwahiyo ukinywa sharubati ya nanasi yenye siki unalisikia nanasi mara mbili, mdomoni na puani. Alafu kuna suala la kukaa. Juisi ya nanasi ukiikamua asubuhi ukaiacha mezani na joto la hapa, jioni inatoa povu na harufu ya pombe, na umeme ukikatika usiku mmoja tu jagi zima linamwagwa. Sharubati ya siki haina shida hiyo kwa haraka hivyo, maana ina vilinzi viwili, sukari nyingi inayowanyima vijidudu maji na uchachu ambao wengi wao hawauwezi. Wataalamu wa chakula wanapima uchachu kwa namba wanayoita pH, ikishuka uchachu unazidi, na mpaka wao ni pH 4.6, chini ya hapo kile kidudu kibaya kabisa cha kwenye vyakula vya kufungiwa hakiwezi kuota, na siki yenyewe iko chini kabisa ya mpaka huo, kwenye pH 2 na nusu hadi 3 hivi. Ndo maana watu waliitumia kutunzia matunda kabla friji haijazaliwa.

Na wala sio jambo jipya hili. Askari wa Kirumi walikuwa wanatembea na maji yaliyotiwa siki, wanaita posca, ndo kinywaji chao cha njiani. Waganga wa Kigiriki tangu enzi za Hippocrates walikuwa wanachanganya siki na asali wanawapa watu wenye kikohozi. Marekani karne ya 19 wakulima wakiwa shambani wanakata majani ya kulishia mifugo walipelekewa ndoo ya maji yenye siki, tangawizi na molasi, na Uingereza akinamama walikuwa wanaloweka matunda ya msimu kwenye siki ili wawe na cha kuwapa wageni msimu ukipita. Soda na friji zilipokuja hayo yote yakawekwa kando, mpaka miaka hii ya karibuni watu wa baa na mikahawa huko Marekani walipoanza kuyafufua.

Ila ninaowaheshimu kuliko wote kwenye hili ni Waajemi. Wana kinywaji wanakiita sekanjabin ambacho ni cha karne nyingi sana, Ibn Sina mwenyewe, tabibu aliyefariki mwaka 1037, alikiandikia, na mpaka leo kipo kwenye nyumba za Iran. Wanachemsha maji na sukari au asali, wanatia siki, wanaacha ipungue ikawa nzito, alafu moto ukishazimwa wanatupia fungu la mnanaa liloe humo mpaka ipoe, kisha majani yanatolewa. Wakati wa kunywa wanakwaruza tango kwenye glasi, wanamimina kidogo, maji ya baridi, barafu. Tango! Nilipojaribu nilikaa kimya kwanza, maana ule ubaridi wa tango na ule ukali wa siki vinapokutana na mnanaa katikati, joto la saa nane mchana unalisahau. Siku ya 13 ya Nairuzi yao, yaani mwaka mpya wao, familia zinatoka kwenda kukaa bustanini na kwenye majani, wanabeba bakuli la sekanjabin na majani mabichi ya saladi, wanachovya jani wanakula. Sisi wa pwani Nairuzi tunayo, Mwaka Kogwa wa Makunduchi kule Zanzibar unafanyika kila mwaka mwezi wa saba na kila mtu anajua mizizi yake iko Uajemi, basi mimi nasema na hiki kinywaji nacho kipate nafasi mezani kwetu.

Na Waislamu wenzangu mnaijua ile hadithi, Mtume (S.A.W.) aliuliza kitoweo nyumbani akaambiwa hamna ila siki, akaiagiza, akawa anakula nayo huku akisema kitoweo kizuri kilioje siki. Kwahiyo siki kuwekwa mezani kwa heshima sio mambo ya kizungu, tulikuwa nayo, tumeisukuma tu pembeni ya jiko.

Sasa tuje kwenye siki yenyewe, maana hapa ndo kinywaji kinapokuwa kizuri au kinapoharibika kabisa. Dukani kuna chupa za aina mbili na zinafanana sana. Kuna siki iliyochachushwa, yaani ilianza kuwa kitu chenye sukari, tufaa, mchele, miwa, zabibu, ikageuka pombe, alafu pombe ikageuka siki. Na kuna asidi ya kiwandani iliyozimuliwa na maji ikawekwa kwenye chupa. Zote zinaitwa siki, zote zina uchachu wa karibu asilimia 5, lakini ile ya pili haina harufu ya kitu chochote zaidi ya ukali, ukiipiga pafu inakukata pua na ukiiweka kwenye nanasi lako zuri inalifunika lote. Hiyo iache ifanye usafi na kachumbari. Soma lebo nyuma ya chupa, maandishi madogo, kama wametaja tunda au nafaka iliyochachushwa chukua, kama wametaja maji na asidi ya asetiki peke yake rudisha. Siki ya tufaa ndo inayopatikana kirahisi zaidi kwenye supamaketi, bei imechangamka kidogo lakini chupa moja inatoa sharubati nyingi, na siki ya mchele kwa wanaoipata ni laini kweli, inafaa sana na matunda yenye harufu ya taratibu.

Ila kuna siki yetu ambayo naiona hatuitendei haki, siki ya mnazi. Mgema anapanda, anakata ncha ya ua la mnazi ambalo halijafunguka, anafunga kibuyu au dumu, maji matamu yanadondoka humo taratibu usiku kucha. Likishushwa asubuhi tembo (ndo jina la hayo maji) ni tamu, ndani ya masaa machache limeshaanza kuchachuka, jioni ni kali, na likiachwa wazi siku na wiki zinavyokwenda linageuka siki. Wafilipino na watu wa Goa kule India wanaiuza siki hiyo kwa fahari, iko kwenye mapishi yao makubwa. Sisi tuna minazi kuanzia Lamu mpaka Mtwara, na Zanzibar, na Mafia, na bado siki nyingi za kwenye rafu zetu zimetoka mbali. Siki ya mnazi iliyotulia ina rangi ya ukungu, ni laini, ina utamu kwa mbali, na kwenye sharubati ya embe sijaona inayoishinda. Ukimpata mtu Tanga au Kilifi anayeitengeneza kwa usafi, nunua na umwambie akuwekee tena.

Kinachoigeuza ni bakteria wanaopenda pombe na hewa. Wanakula ile pombe wanaitoa ikiwa asidi, na Louis Pasteur wa Ufaransa ndo aliyeandika mwaka 1864 kwamba kazi hiyo ni ya viumbe hai, sio kitu kinajibadilikia chenyewe. Ndo maana siki inataka hewa. Ukifunga kifuniko kwa nguvu pombe inabaki pombe.

Haya, nanasi. Mimi nanunua ya Kiwangwa kule Bagamoyo msimu ukiwa umekolea, mwisho wa mwaka kuingia mwaka mpya, yanapokuwa yamepangwa barabarani na yamejaa kwenye mikokoteni mjini. Muuzaji atakuuliza, "Dada, la leo au la kesho?" Kwa kazi hii mwambie la leo, tena la leo kabisa, hata lile ambalo limeanza kulainika upande mmoja na yeye anataka limtoke, chukua, kata sehemu iliyoharibika utupe, lililobaki ndo tamu na ndo lina harufu. Linuse kwenye kitako chake sio kwenye majani. Kama halinukii pale, sukari haitalisaidia.

Menya, toa macho, katakata vipande vidogo vya ukubwa wa sukari guru iliyovunjwa, upime gramu 500. Weka kwenye bakuli la kioo au la udongo, au chuma kisichoshika kutu, usiweke kwenye sufuria ya alumini nakuomba, asidi inaila alumini na kinywaji kinapata ladha ya chuma. Mwagia sukari gramu 350. Maelekezo mengi utakayoyaona yanasema vitu vyote vitatu vilingane uzito, tunda, sukari, siki, na kwa matunda makali ya nchi za baridi ni sawa, ila nanasi letu lililoiva ni tamu lenyewe, ukiweka sukari sawa na nanasi unatengeneza jamu. Gramu 350 inatosha, na kama nanasi ni tamu sana hata 300. Sukari zetu za kawaida zenye rangi ya udongo kidogo ni nzuri tu, zinaongeza ladha ya miwa.

Usikoroge sana, geuzageuza kwa kijiko cha mbao mpaka kila kipande kimepakwa. Chukua fungu la mnanaa, osha, kung'uta maji, yapige majani kati ya viganja vyako viwili mara moja tu, paa, harufu itatoka yenyewe, usiyatwange kwenye kinu maana yakisagika yanatoa uchungu wa kijani ambao hauondoki. Yazamishe humo. Funika, weka kwenye friji.

Rudi baada ya masaa mawili uangalie. Mimi hapa ndo napenda kuliko sehemu yoyote. Ile sukari iliyokuwa imesimama mkavu juu ya vipande imeshalowa, inang'aa, chini ya bakuli kuna kidimbwi cha maji ya dhahabu ambayo hukuyaweka wewe. Sukari imeyavuta kutoka ndani ya nanasi. Masaa sita baadaye kidimbwi kimepanda mpaka nusu ya bakuli, na kesho yake asubuhi vipande vinaelea, vimesinyaa, kingo zake zimekuwa angavu unaona mwanga unapita, na majani ya mnanaa yamelegea yamekuwa na rangi ya zeituni. Kuna sukari itakuwa bado imekaa chini haijayeyuka, ikoroge tu kidogo, siki itaimalizia. Chovya kijiko uonje, utaona ni tamu kupita kiasi, inakwama kooni, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa kabla siki haijaingia. Acha mpaka itimize siku moja au mbili, zaidi ya hapo nanasi halina tena cha kutoa.

Chuja kwa chujio la chai au kitambaa safi, bonyeza vipande kwa mgongo wa kijiko lakini usivikamue kwa hasira, ukikamua sana nyuzi zinapita na sharubati inakuwa na matope. Sasa siki, mililita 350, ila usimwage yote kwa mpigo. Mimina robo tatu, koroga mpaka sukari yote iishe, onja tone. Alafu ongeza kidogokidogo mpaka ufike pale ambapo ukionja taya zinashtuka kidogo na mate yanajaa, hapo hapo simama. Itaonekana kali. Usiogope, weka kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa na kukauka, funga, rudisha kwenye friji na uisahau kwa wiki moja.

Hiyo wiki moja ni muhimu, tafadhali usiiruke. Siku ya kwanza siki iko peke yake na nanasi liko peke yake, unaonja vitu viwili vinavyogombana, mtu akionja siku hiyo ndo anasema siki haifai kunywa na simlaumu. Siku ya tatu zimeanza kusikilizana. Siku ya saba huwezi kusema siki inaanzia wapi, ukali umekuwa wa mviringo, mnanaa umerudi nyuma umebaki kama pumzi. Chini ya chupa kutakuwa na mashapo kidogo, hayo ni ya nanasi, tikisa unywe. Kwenye friji chupa inakaa miezi bila tabu, ila ukiona povu linapanda lenyewe, ukungu, au kifuniko kinatoa sauti ya gesi ukikifungua, basi imeanza kuchachuka upya na ni ya kumwaga.

Kuna njia ya moto pia, unachemsha matunda na sukari na siki dakika chache unachuja, jioni hiyohiyo unakunywa. Inafanya kazi kwa tangawizi, kwa rosela kavu, kwa vitu ambavyo harufu yake inahimili jiko. Kwa nanasi na embe na stroberi mimi naikataa kabisa, kwasababu ile harufu mbichi ya tunda ndo inayopanda na mvuke wa kwanza, jikoni kutanukia vizuri sana na chupa itabaki na ladha ya jamu.

Majani yetu ya kunukia yana tabia zake. Mnanaa haukosei na kitu chochote. Mrehani unapendana na tikiti maji na stroberi, ule mrehani wa majani madogo ambao bibi zetu wanaupanda mlangoni na kuuchanganya kwenye kikuba, majani machache tu yanatosha. Mchaichai uchukue sehemu nyeupe ya chini, uipige na kitu kizito ipasuke, ukae na pasheni, hiyo sharubati ya pasheni na mchaichai ukiwapa wageni hawaamini kwamba ndani kuna siki. Kivumbasi usikiweke, kina nguvu mno, kinafaa kufukuzia mbu. Rozmari nusu kijiti na chungwa la Muheza, isizidi nusu kijiti. Na viungo navyo ni ndugu wa majani, hiliki mbili zilizopasuliwa kwenye embe, karafuu mbili kwenye zambarau, pilipili manga iliyovunjwa kwenye plamsi za Lushoto. Zambarau zina ule ukakasi unaokausha ulimi, lakini sukari na siki vinautuliza vizuri na rangi yake inakuwa ya zambarau iliyokolea hadi unaona vibaya kuizimua.

Kwenye embe chagua lenye harufu na nyuzi chache, dodo au bolibo, iwe imeiva ila haijawa uji, na siki iwe ya mnazi au ya mchele. Tikiti maji lina maji mengi hivyo punguza siki kidogo au sharubati itakuwa nyepesi na kali. Papai silishauri, lina utamu wa upole ambao siki inauzima wote, na ndizi na parachichi hata usijaribu, hazitoi maji, zinatoa matope.

Suala la afya niliseme wazi maana najua mitandao ilivyo, kila mtu anauza siki ya tufaa kama dawa ya kitambi, ya sukari, ya presha, ya kila kitu. Kuna tafiti ndogo zilizoonesha kwamba siki ikinywewa pamoja na chakula cha wanga inaweza kupunguza kidogo kupanda kwa sukari kwenye damu baada ya kula, hapo ni kweli, lakini siki iliyochanganywa na sukari gramu 350 sio dawa ya sukari kabisa, naomba mtu asimpe mgonjwa wake kwa nia hiyo. Hiki ni kinywaji cha raha. Kwa hesabu ya vipimo nilivyotoa, vijiko vitatu vya chakula vya sharubati vina kama gramu 20 za sukari, wakati soda ya chupa ya mililita 300 mara nyingi inapita gramu 30, kwahiyo unapata nafuu ukilinganisha na soda ila bado ni sukari. Mwenye vidonda vya tumbo asinywe, itamchoma. Anayetumia insulini au vidonge vya kukojosha amuulize daktari wake kwanza kabla ya kuifanya tabia, kwasababu siki nyingi ya kila siku inaweza kushusha potasiamu na hizo dawa nazo zinagusa hukohuko. Ukitengeneza kwa asali badala ya sukari, na asali ya Tabora inatoa sharubati nzuri sana yenye harufu ya miombo, mtoto chini ya mwaka mmoja asiguse.

Na meno jamani. Asidi inalainisha ile ngozi ngumu ya jino, hivyo usinywe siki bila kuizimua, usikae na glasi moja unafyonzafyonza toka saa nne mpaka saa tisa, tumia mrija kama unao, ukimaliza sukutua kwa maji, na usipige mswaki hapohapo, subiri nusu saa au zaidi.

Maganda ya nanasi usitupe. Kama uliliosha nanasi vizuri kabla ya kulimenya, chukua maganda na kile kigogo cha katikati, weka kwenye chombo cha kioo chenye mdomo mpana, maji lita moja yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vinne vya chakula, funika na kitambaa safi ufunge na mpira ili hewa ipite na vijinzi visipite. Koroga kila siku. Kwa joto letu siku ya pili au ya tatu povu linaanza, hapo inapitia hatua ya ulevi, sio ya kunywa. Wiki ya pili chuja maganda utupe, maji yaendelee kukaa na kitambaa chake sehemu isiyo na jua, yanaanza kunukia siki taratibu, na mwezi hadi mwezi na nusu toka uanze unakuwa na siki ya nanasi yako mwenyewe. Juu utaona utando laini kama wa uji uliopoa, huo ni wa bakteria wenyewe wa siki na ni dalili nzuri, ukiona manyoya ya kijani au meusi mwaga vyote, usitoe ukungu ukasema chini ni salama. Kwa Waislamu wanaojiuliza, wanazuoni wa Kishafii wanasema pombe ikigeuka siki yenyewe inakuwa twahara, na kwa namna hii ya maganda mwenye shaka amuulize sheikh wake. Siki hii ya nyumbani hujui ukali wake kwa kipimo, kwahiyo itumie kwa sharubati ya kukaa kwenye friji tu, usifungie nayo achari za kukaa kabatini.

Vile vipande vya nanasi vilivyobaki kwenye chujio vina sukari na harufu ya mnanaa bado. Mimi naviweka kwenye kibakuli, navinyunyizia siki kidogo, kitunguu maji kilichokatwa nyembamba, pilipili mbuzi na chumvi, inakuwa kachumbari ya kulia samaki wa kukaanga.

Kunywa ni hivi. Glasi ya mililita 250, barafu, vijiko viwili mpaka vitatu vya chakula vya sharubati, maji baridi au maji ya gesi, koroga kutoka chini kwasababu sharubati ni nzito inazama, jani la mnanaa bichi juu. Kwa futari ya watu sita au saba chukua jagi la lita mbili, mimina kikombe kimoja kikubwa cha sharubati, kwaruza tango nusu na maganda yake, jaza maji ya baridi, iache dakika kumi kabla ya adhana ili tango litoe ladha, na wakati wa kufungua anza na tende na maji matupu kwanza, siki isilikute tumbo likiwa tupu kabisa.